Sita au Tisa? Kuchagua Vichujio na Vipimo vya Redio ya Ridhaa

Mwenye redio ya kurusha na kupokea hukutana na swali la pesa ambalo halikwepeki. Akishapata mtambo wenyewe, aongeze nini kwanza: kichujio au vifaa vya kupimia? Kundi letu la wanafunzi wa lugha za Kiafrika limepewa mtambo aina ya Icom IC-718 na mzee mmoja mstaafu aliyezungumza na dunia kwa miaka mingi kupitia redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaopenda tu, wasiofanya biashara wala kulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mtambo ni mzima. Ndani yake kuna nafasi moja tu ya kuongeza kichujio, na sisi tuna pesa ya vitu vichache. Wenzetu wa fizikia waliokuja kutusaidia kuuwasha walitoa jibu papo hapo: nunueni kichujio chembamba, kelele itapungua. Mimi naona swali hili ni la isimu kabla ya kuwa la umeme.

Nianze na sababu ya sisi watu wa lugha kujihusisha na jambo hili. Katika mkoa wetu wa Kivu ya Kusini foni ni chombo kinachojulikana. Parokia, vituo vya afya, mashirika na viwanja vidogo vya ndege huko Shabunda vimezungumza kwa foni tangu zamani, na pale ambapo mnara wa simu haufiki bado wanazungumza hivyo. Leseni ya foni si leseni ya redio ya ridhaa, na mtu wa ridhaa hana ruhusa ya kugeuza mtambo wake kuwa posta ya kituo cha afya. Lakini njia ya kupeleka sauti ni ileile, BLU, yaani bendi moja ya pembeni, na vichujio ni vilevile. Tutakalolipima kwenye mtambo wetu litakuwa kweli kwenye foni za msituni.

Mama yangu mdogo ni muuguzi katika kituo kimoja cha upande wa Shabunda, kama kilomita 170 kutoka Bukavu kwa mstari ulionyooka. Kila asubuhi husoma hesabu zake kwenye foni: wagonjwa wangapi wa surua, chupa ngapi za seramu zimebaki. Anasema kuna neno moja linalomlazimisha kurudia kuliko mengine yote, nalo ni tisa. Huku mjini wanasikia sita. Chupa tatu za seramu zikipotea kwenye daftari, kuna mtu atakayezikosa kitandani.

Kichujio kinakata wapi

Antena haichagui. Hushusha kila kitu kwa pamoja: sauti unayoitaka, kituo kikubwa cha matangazo kilicho jirani, radi za Kabare, na chaja ya simu ya nyumba ya pili. Mtambo hubadilisha masafa yaliyopokelewa kuwa masafa ya kati yasiyobadilika. Katika IC-718 masafa hayo ni megahezi 64.455 kwanza, kisha kilohezi 455, na kichujio cha kuongeza hukaa kwenye hatua hiyo ya pili. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia unaponunua ni masafa ya kati ya mtambo wako. Kichujio kilichotengenezwa kwa ajili ya mtambo wenye masafa ya kati ya megahezi 9 hakitafanya kazi hapa hata kama muuzaji anaapa. Hilo si la kujadili.

Jambo la pili ni upana. Kwa mtambo huu Icom waliweka vichujio vya hiari vya hezi 250, hezi 500, kilohezi 1.8, kilohezi 2.8 na kilohezi 3.3. Viwili vya kwanza ni vya Morse, vitatu vya mwisho ni vya sauti. Kile kilichotoka kiwandani ndani ya mtambo ni cha sauti, na upana wake ni zaidi kidogo ya kilohezi 2.

Jambo la tatu, ambalo wauzaji hawalitaji mpaka waulizwe, ni mteremko wa kingo. Upana hupimwa mara mbili: pale nguvu iliposhuka desibeli 6, na pale iliposhuka desibeli 60. Tuseme kichujio kimoja kina kilohezi 2.4 kwenye kipimo cha kwanza na 4.8 kwenye cha pili. Uwiano wake ni 2, nacho ni kizuri. Kingine kina 2.4 ileile lakini 7.2 kwenye cha pili. Uwiano ni 3, na kituo chenye nguvu kilicho jirani kitapenya kingo hizo zilizolala. Jina la upana kwenye lebo ni lilelile kwa vyote viwili. Basi usinunue lebo.

Mwenye mtambo wa kisasa anaweza kuruka sehemu hii. Mitambo kama Icom IC-7300 ya mwaka 2016 huchuja kwa hesabu ndani ya kompyuta yake, na upana hubadilishwa kwa kidole. Ila mitambo mingi inayofika kwetu ni ile iliyokwisha tumika kwa watu wengine, na ndiyo ninayoizungumzia.

Irabu zinazopotea

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Sauti ya mtu hupitia BLU kati ya hezi 300 hivi na hezi 2700 hivi. Simu ya waya ya zamani ilipewa 300 mpaka 3400. Je, ndani ya dirisha hilo kuna nini?

Kila mwanafunzi wa fonetiki amekutana na vipimo vya Peterson na Barney vya mwaka 1952. Ni vya Kiingereza cha Marekani, si vya Kiswahili, lakini mdomo wa binadamu ni mmoja na vinatosha kutuonyesha njia. Fomanti ya kwanza ya irabu i kwa wanaume ilikuwa hezi 270 na ya pili hezi 2290. Irabu u ilikuwa na 300 na 870. Angalia namba za kwanza: 270 na 300. Karibu zinalingana. Kinachotenganisha i na u ni fomanti ya pili, na ile ya i inakaa juu kabisa ya dirisha letu.

Chukua sasa kichujio cha kilohezi 1.8, kile ambacho wenzetu wa fizikia wanakisifu. Kikianza kupitisha kwenye hezi 300, kinafunga kwenye 2100. Fomanti ya pili ya i imebaki nje ya mlango. Sikio linaletewa fomanti ya kwanza peke yake, na kwa hiyo linasikia kitu kinachokaribia u. Mti unakuwa mtu. Kuna kitufe cha kusogeza dirisha juu kidogo, na fundi mzoefu atakitumia, lakini atakachokiokoa juu atakilipia chini.

Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi. Katika vipimo vilevile fomanti ya pili ya i kwa wanawake ilikuwa hezi 2790. Hiyo iko ukingoni hata mwa dirisha la kawaida la 2700, na kwenye kichujio cha 1.8 haipo kabisa. Watu husema kwamba sauti za wanawake hazisikiki vizuri kwenye foni kwa sababu wanaongea polepole au wanaogopa maikrofoni. Nimelisikia hilo mara nyingi, hata kutoka kwa watu wenye heshima zao. Mpango wa vichujio ulifanywa kwa kutazama sauti nzito, na mwanamke anaingia kwenye foni akiwa ameshakatwa sehemu ya irabu zake.

Lugha ina ulinzi wake. Mtu akisema kwa Kiswahili sanifu kwamba mtu mmoja ameanguka, au kwamba mti mmoja umeanguka, nomino ikipotea kitenzi kinairudisha: a- ni ya mtu, u- ni ya mti. Upatanisho wa ngeli ambao wanafunzi wa mwaka wa kwanza huulalamikia ni habari ileile inayotumwa mara mbili, na kwenye njia yenye kelele kutuma mara mbili ni mali. Kiswahili chetu cha mjini kimepunguza ulinzi huo. Tunasema mutu moya, muti moya, na mara nyingi kiambishi hakitofautishi sana. Silaumu Kiswahili cha Bukavu, ndicho ninachoota nacho. Nasema tu kwamba mtu anayekizungumza kwenye foni anahitaji dirisha pana kuliko msomaji wa taarifa ya habari.

Kikwamizi s na kimya cha t

Turudi kwa chupa za seramu. Maneno sita na tisa yana sauti zilezile nne. Yote mawili yametoka Kiarabu, na yanatofautiana kwa mpangilio tu: s-i-t-a, t-i-s-a. Nguvu kubwa ya s iko juu ya hezi 4000. Hakuna kichujio cha BLU, chembamba wala kipana, kinachoifikia. Kinachobaki ni mkwaruzo hafifu na alama ndogo anazoziacha ulimi kwenye irabu jirani. Nayo t hutambulikana kwa kimya kifupi, kisha mpasuko. Kwa hiyo msikilizaji wa foni anaamua kati ya sita na tisa kwa kutafuta mahali kimya kilipo: katikati ya neno, au mwanzoni. Na kelele ya hewani hujaza nini kwanza? Hujaza kimya. Mkwaruzo wa radi unaweza kuiga s, na unaweza kuziba pengo la t, vyote kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema kuna neno la kuchagua kabla ya kichujio. Kiswahili kina kenda. Ni neno la Kibantu, Wanyarwanda jirani zetu wanasema icyenda, na wazee wetu wengi bado wanahesabu saba, munane, kenda. Neno hili halina s, lina irabu tofauti, na lina nd katikati ambayo hupita vizuri chini ya hezi 2700. Vilevile sitini na tisini ni mtego, lakini makumi sita na makumi kenda hayafanani hata kidogo. Wanafunzi wenzangu wengine wanaliona kenda kuwa neno la kijijini. Kwenye foni ni neno la kitaalamu.

Hatuko peke yetu katika hili. Wajerumani kwenye simu huacha zwei na kusema zwo ili isichanganywe na drei. Marubani wanaotumia Kiingereza husema niner badala ya nine isije ikasikika five. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zina orodha nzima ya namba zilizotengenezwa kwa makusudi: sita ni soxisix, tisa ni novenine. Ni maneno ya ajabu, nusu Kilatini nusu Kiingereza, lakini jaribu kuyachanganya. Kifaransa kinachotumiwa kwenye foni zetu kina mtego wake pia, kwani six na dix zinatofautiana kwa konsonanti moja ya mwanzo.

Kelele, na kinachowezekana kuifanya

Nisiwaonee watu wa fizikia. Hoja yao ina ukweli. Kelele iliyotandaa sawasawa hupungua kadiri dirisha linavyopungua. Kutoka kilohezi 2.4 kwenda hezi 500 unapunguza kelele kwa desibeli 6.8. Kwenda hezi 250, karibu desibeli 10. Hiyo ni faida kubwa, sawa na kuzidisha nguvu ya mrushaji karibu mara tano au mara kumi. Lakini kutoka 2.4 kwenda 1.8 unapata desibeli 1.2 tu, ambazo sikio halizioni kwa urahisi, na umelipia kwa irabu i nzima. Faida ya kweli ya kichujio cha 1.8 ni pale kituo kingine kinapokaa juu yako, kama inavyotokea jioni kwenye megahezi 7. Mchana, kwa umbali wa Bukavu na Shabunda, tatizo hilo ni dogo.

Kelele yetu kubwa haijatandaa sawasawa. Kabare, hapo juu yetu tu, ni miongoni mwa mahali panapopigwa na radi nyingi kuliko kwingine kote duniani. Radi inafika kama pigo moja kali, na kichujio chembamba kikipigwa hakinyamazi mara moja: hulia kama kengele, na pigo fupi likawa refu. Kadiri kichujio kilivyo chembamba ndivyo kinavyolia zaidi. Kitufe cha kuzuia mapigo kinasaidia kwa cheche za injini ya pikipiki, kwa radi kinasaidia kidogo sana. Na mawingu yakishafunga upande wa Kabare, kifaa bora ni mkono unaochomoa kebo ya antena.

Kelele ya tatu inatoka ndani ya nyumba zetu wenyewe: ondileri za sola, chaja za bei ndogo, taa za LED. Hii haichujwi na kichujio chochote cha kilohezi 455 kwa sababu imelala ndani ya dirisha lilelile la sauti. Dawa yake ni pete za feriti kwenye nyaya za ondileri na za chaja, kebo ya antena kupitishwa mbali nazo, na mara nyingine kuzima tu. Kabla ya kununua kichujio, mtu azime kila kitu nyumbani, aunganishe mtambo na batri, asikilize. Nusu ya kelele ikiondoka, pesa yake imebaki mfukoni.

Kuhusu kichujio kipana cha 2.8, ambacho mtu wa lugha angekipenda kwa moyo wote: kina sharti. Anayerusha naye ana kichujio. Mtambo wa upande wa pili ukikata sauti kwenye hezi 2400, kichujio changu cha 2.8 hakitarudisha kilichokwisha katwa, kitaniongezea kelele ya bure. Upana una maana pale pande zote mbili wanao. Kwenye mtandao mmoja wa foni zenye mitambo inayofanana, mtu anaweza kuamua hivyo. Mtu wa ridhaa anayeongea na yeyote anayeitika hawezi.

Lipo pia jambo la toni, na hapa walimu wetu wa Mashi na Kilega watanisamehe nikipita haraka. Dirisha linaloanza hezi 300 linakata masafa ya msingi ya sauti, ambayo kwa mwanamume yako kwenye mia moja na kitu. Toni haipotei kwa hilo. Sikio hulijenga upya kutokana na mianguko iliyo juu yake, kwani iko kwa hatua sawasawa. Kinachoharibu hatua hizo ni mtambo kuwa nje ya masafa kwa hezi mia moja au mia mbili: mianguko yote inasogea pamoja, uwiano unavunjika, sauti inakuwa ya bata. Mwenendo wa kupanda na kushuka bado unafuatika, ila umetiwa ukungu. Kwa lugha za toni, basi, kioo imara cha masafa kina thamani kuliko kichujio. Kwa IC-718 kipo cha hiari, CR-338, ambacho kwenye megahezi 7 hakipotei kwa zaidi ya hezi 4 hivi.

Vipimo

Hapa ndipo ningeweka pesa kwanza.

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni multimetri, na ndicho kinachosahauliwa. IC-718 inataka volti 13.8 na hadi ampea 20 wakati wa kurusha, na haipendi kushuka chini ya volti 11.7. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 4, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ampea 20 zikipita humo, waya peke yake unakula karibu volti 0.9. Batri iliyokuwa na 12.4 ikiwa imepumzika, ikishuka kidogo kwa mzigo kisha ikapoteza hiyo njiani, imekwisha kutoka kwenye mpaka. Sauti inakatikakatika kwenye vilele, na vilele vya sauti ni irabu. Anayesikiliza atalaumu hewa. Pima kwenye mdomo wa mtambo, mtu akiwa anaongea, si kwenye batri.

Kipimo cha pili ni mzigo bandia, yaani omu 50 zinazomeza nguvu yote bila kuirusha hewani. Bila huo huwezi kujaribu mtambo bila kusumbua dunia, wala hujui kosa liko kwenye mtambo au kwenye antena. Unaweza kutengenezwa: vizuizi 20 vya omu 1000, kila kimoja cha wati 5, vikiunganishwa sambamba vinatoa omu 50 na wati 100. Viwe vya kaboni au vya oksidi ya chuma. Vile vya waya uliozungushwa ni koili kwa siri, na kwenye masafa haya vinadanganya. Kwenye soko la Kadutu vyote huitwa jina moja, kwa hiyo uliza, na ukishindwa kujua, vunja kimoja.

Cha tatu ni kipimo cha mawimbi yanayorudi, ambacho mafundi wetu hukiita rosimetre. Uwiano wa 1.5 unamaanisha asilimia 4 ya nguvu inarudi, wa 2 asilimia 11, wa 3 asilimia 25. Watu huhangaika kutafuta 1 kamili kana kwamba ni mtihani wa serikali. Chini ya 2 mtambo unafanya kazi kwa amani. Ila kumbuka kwamba mzigo bandia una 1 kamili na hauzungumzi na mtu yeyote. Namba nzuri si ushahidi wa antena nzuri. Kwa Shabunda antena ya waya wa mita 20 hivi, iliyokatwa katikati kwa megahezi 7.1 na kutundikwa chini kiasi, inapeleka mawimbi juu yakarudi chini karibu, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Cha nne ni NanoVNA, kisanduku kidogo kilichoenea tangu mwaka 2019 hivi. Kinachora antena kwenye skrini bila kurusha, na kinaweza hata kuchora umbo la kichujio kabla hujakiuza au kukinunua. Kina masharti mawili. Kisahihishwe kila mara kwa vipande vyake vitatu, kilicho wazi, kilichofungwa na cha omu 50. Na kisiunganishwe kamwe na mtambo unaorusha, maana wati 100 zitakiua kwa sekunde moja. Anayetaka kupima kinachotoka kwenye mtambo anahitaji kipunguzi kikubwa katikati: desibeli 40 zinageuza wati 100 kuwa miliwati 10, na kipunguzi chenyewe lazima kiweze kumeza wati hizo.

Kipimo cha tano tunacho tayari, na watu wa fizikia hawanacho: Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Sisi tunaitumia kwa irabu, lakini inapima redio vizuri vilevile. Chomoa antena, acha mtambo uvume, rekodi dakika moja kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni, kisha omba spektra ya wastani. Kelele tupu ikipita kwenye kichujio huchukua umbo la kichujio: unaona dirisha linapoanza, linapoisha, na kingo zilivyolala. Kikuza sauti cha mtambo kinaongeza rangi yake, kwa hiyo linganisha kichujio na kichujio kwenye mtambo mmoja. Praat inaweza pia kutoa toni mbili kwa pamoja, 700 na 1900, za kuingiza kwenye maikrofoni huku mtambo ukiwa kwenye mzigo bandia. Redio ya pili yenye dirisha pana ikisikia ya tatu kwenye 3100, mtambo unasukumwa kupita kiasi, na unamwaga taka kwa majirani.

Kwa hiyo kura yangu kwenye kikao cha kundi ni hii. Multimetri, mzigo bandia wa kutengeneza wenyewe, rosimetre na pete za feriti kwanza. NanoVNA ikiwezekana. Ile nafasi moja ya kichujio isijazwe na cha 1.8. Ikijazwa, iwe ni cha hezi 500, kwa sharti kwamba angalau wawili kati yetu wajifunze Morse. Kwenye Morse sita ni taa-ti-ti-ti-ti na tisa ni taa-taa-taa-taa-ti: alama tatu kati ya tano zinatofautiana, wala hakuna s ya kukatwa. Pale ambapo sauti inashindwa kabisa, hicho kitapita.

Kurusha hewani kutangoja leseni na alama ya wito, ambayo kwa nchi yetu huanza na 9Q. Kupokea, kurekodi na kujaribu kwenye mzigo bandia kunaweza kuanza sasa. Nimeandaa orodha ya jozi mlinganuo finyu: mti na mtu, sita na tisa, sitini na tisini, kenda kwa kulinganisha, pamoja na majina ya dawa ambayo mama mdogo alinitajia. Ninahitaji wasemaji kumi, nusu wanawake, wa Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira, watakaoyasoma mara moja kwenye maikrofoni ya kawaida na mara moja kupitia kila dirisha. Wasikilizaji wawe ni watu wengine, wasiojua orodha.